Saladi ya kuku ya mayonesi inayochuja maji: jibu kwa msomaji wa Nyakato

Swali: "Naishi Nyakato hapa Mwanza. Napenda saladi ya kuku ile nzito yenye mayonesi, lakini ya kwangu haidumu. Nikiichanganya jioni inapendeza, asubuhi nikifungua friji naikuta inaogelea. Kuku naye anakuwa mkavu, ukitafuna ni nyuzi tu. Juzi nikasema niachane na mayonesi ya chupa, nitengeneze mwenyewe kwa brenda; ikakatika, mafuta huku, yai kule. Jumamosi ijayo kuna kichen pati ya mdogo wangu na mimi nimepewa saladi, watu arobaini. Naomba maelezo yaliyonyooka."

Dada, umeuliza mambo matatu lakini shida ni moja, nayo ni maji. Kwa kuku yametoka wakati yalitakiwa kubaki. Kwenye mboga yamebaki wakati yalitakiwa kutoka. Na kwenye mayonesi yako hayakupata nafasi ya kushikana na mafuta. Ukiyaweka sawa maji hayo, saladi itabaki nzito hadi siku ya pili bila kuongeza hata kijiko cha mayonesi. Wengi saladi ikilegea hukimbilia kuongeza. Inakaza kwa muda, kisha inalegea tena, kwa sababu mayonesi ina chumvi, na chumvi haiachi kuvuta maji kutoka kwenye tango, kitunguu na hoho. Gharama imepanda na maji yamebaki palepale.

Tuanze na kuku. Kwa saladi chukua kuku wa kisasa wa kilo 1.3 hivi, akiwa ameshanyonyolewa na kutolewa utumbo. Atakupa takribani gramu 600 za nyama iliyoiva, bila ngozi wala mfupa. Kuku wa kienyeji ana ladha, hilo halina ubishi, lakini nyuzi zake zimekomaa. Anataka saa moja na nusu au zaidi ndipo alainike, na nyama yake ni chache. Mwache kwa mchuzi na ugali. Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga naye ni vilevile: bei inavutia, meno ndiyo yanayolipa tofauti. Kama huna mwingine, mchemshe taratibu kama saa 2 na umkate vipande vidogo kuliko nitakavyoeleza hapa chini.

Jambo moja wanunuzi wa kuku hai husahau: usimpike saa ileile aliyochinjwa. Misuli hukakamaa katika saa za mwanzo baada ya kuchinjwa, na nyama ikiingia motoni ikiwa katika hali hiyo inabaki ngumu hata kama moto wako ulikuwa mzuri. Mchinje jioni, mlaze frijini, umpike kesho yake. Kama ni kuku wa barafu, myeyushie ndani ya friji kwa saa 24. Akiingia sufuriani akiwa bado na barafu katikati, nje kutaiva hadi kukauka huku karibu na mfupa kukiwa kubichi.

Aliyechinjiwa nyumbani au sokoni hana budi kusuuzwa. Msuuze ndani ya beseni, si chini ya bomba linalotiririka, kwa sababu matone yanayoruka hubeba vijidudu kama Salmonela hadi kwenye mboga ambazo hazitaona moto. Kisha osha beseni, kisu na ubao kwa maji ya moto na sabuni. Kwa saladi hili lina uzito kuliko kwa mchuzi: tango lililokatiwa kwenye ubao wa kuku mbichi litaliwa hivyohivyo.

Mgawe vipande vinne: mapaja mawili, na vidari viwili na mabawa yake. Kumpika mzima kunapendeza kwa macho, lakini paja linahitaji muda mrefu kuliko kidari, kwa hiyo ukisubiri paja, kidari kinakauka. Na usidharau nyama ya paja. Wanaotumia vidari vitupu wanapata saladi nyeupe yenye sura nzuri, ila mafuta ya paja ndiyo yanayofanya saladi iteleze mdomoni. Nusu kwa nusu ni mchanganyiko mzuri.

Weka mapaja kwenye sufuria nzito, mimina maji ya baridi hadi yayafunike na kupita vidole viwili, tia kijiko 1 cha chakula cha chumvi kwa kila lita, kitunguu kilichokatwa mara mbili na kipande cha tangawizi. Pasha taratibu. Povu likipanda, litoe kwa kijiko. Maji yakikaribia kuchemka punguza moto mpaka uso wa maji utikisike tu na kiputo kimojakimoja kipasuke pembeni. Hapo joto ni nyuzi 80 hadi 85 za Selsiasi. Baada ya dakika 10 ongeza vidari. Maji yakirudi kwenye mtikisiko uleule, hesabu dakika 30, zima moto, funika, na uache vyote ndani ya supu dakika 10 nyingine.

Kwa nini nasisitiza moto mdogo? Nyama ni protini iliyoshika maji. Joto likipanda protini hujikunja na kuyakamua maji hayo, na kadiri kidari kinavyozidi kupita nyuzi 75, ndivyo kinavyokamuliwa zaidi. Maji yanayotokota kwa nguvu hapa Mwanza, tulipo mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, yana nyuzi kama 96. Ukichemsha hivyo, sehemu ya nje ya kidari inafika kwenye joto la kukaushwa huku katikati bado panapanda. Hapo ndipo zilipotoka nyuzi zako. Kuongeza supu au mayonesi baadaye hakurudishi maji yaliyokwisha kukamuliwa.

Kwenye jiko la mkaa, povu likishaisha toa karibu nusu ya mkaa, ubaki mkaa wenye majivu juu, na uzibe mdomo wa chini wa jiko. Kwenye gesi ambayo moto wake haushuki vya kutosha, weka chuma cha chapati juu ya jiko, kisha sufuria juu yake. Kifuniko kiache wazi kidogo, maana sufuria iliyofunikwa barabara hupanda joto usipoangalia.

Kipimajoto cha nyama ni kitu kidogo kinachoondoa ubishi: choma sehemu nene ya kidari na ya paja bila kugusa mfupa, ikisoma nyuzi 74 imeiva. Usipokuwa nacho, pasua paja kwenye kiungo. Majimaji yawe meupe yanayopenya mwanga, kiungo kiachie kirahisi, na nyama iliyogusa mfupa isiwe na rangi ya waridi wala kuteleza kama mbichi. Ukiwa na shaka, rudisha dakika 5. Kidari kikavu kidogo ni afadhali kuliko tumbo la wageni arobaini.

Nyama itolewe mfupani na ngozi ikiwa vuguvugu. Ikipoa kabisa inang'ang'ania. Chambua kwa vidole ukifuata nyuzi, halafu katiza nyuzi hizo kwa kisu ziwe na urefu wa sentimita 2. Usiziache ndefu: mtu aking'ata mkate zinavutana, na saladi yote inatokea upande wa pili. Usiisage kwa mashine pia, kuku atakuwa uji na kila tone la mayonesi litamezwa humo. Vipande vya mraba vya sentimita 1 navyo vinafaa kama saladi italiwa kwa uma, ila vina uso laini, hivyo havishiki mchuzi kama nyama iliyochambuliwa kwa mkono.

Tandaza nyama kwenye sinia, tabaka lisizidi sentimita 3, iache wazi hadi mvuke uishe, kisha iingie frijini. Isikae nje zaidi ya saa 2 tangu itoke motoni. Ukiifungia ya moto kwenye chombo, mvuke unagonga kifuniko, unageuka maji na kudondokea ndani. Hayo ni sehemu ya yale uliyoyakuta asubuhi. Na mayonesi ikikutana na kuku wa moto inayeyuka na kuachia mafuta. Kuku awe wa baridi kabisa ndipo akutane na bakuli la kuchanganyia.

Kabla hujamwaga supu, chota kikombe kimoja, mililita 250, uchuje, uchemshe kwenye sufuria ndogo hadi vibaki vijiko 3 vya chakula. Ikipoa itaganda kama jeli. Hiyo changanya na kuku aliyepoa, pamoja na kijiko 1 cha chakula cha maji ya limao, kabla ya mayonesi. Umerudisha ladha yote ya kikombe kwa maji kidogo sana. Lakini supu ile ilikuwa na chumvi na sasa chumvi yote imejaa kwenye vijiko vitatu, kwa hiyo usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja mwisho.

Sasa mboga, na hapa mazoea ya kachumbari yanatuponza. Kachumbari inataka majimaji. Saladi hii haiyataki. Nyanya isiingie hata kipande. Anayeipenda awekewe pembeni siku ya kula. Tango limenye, lipasue kwa urefu, kwangua mbegu zote kwa kijiko, kata vipande vya nusu sentimita, nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, weka kwenye chujio dakika 20, kisha funga ndani ya kitambaa safi na ukamue kwa nguvu. Utashangaa kinachotoka. Tango moja hujaza kikombe cha kahawa, na bila hatua hii kikombe hicho kingeingia kwenye saladi.

Hoho haiachii maji mengi kama tango, itoe mbegu na utando mweupe, kata ndogo, futa. Karoti iparuze kwa tundu kubwa na uibane kidogo mkononi. Kabichi, kama utaipenda, ifanyie kama tango. Kitunguu kina tatizo lake: kikikatwa kinaendelea kutoa ukali, na saladi iliyolala usiku mmoja na kitunguu kibichi huwa ni kitunguu kilichowekewa kuku. Kikate kidogo sana, kiloweke dakika 10 kwenye maji ya baridi yenye kijiko cha siki, chuja, kausha kwa kitambaa. Kiasi kisizidi gramu 50 kwa kuku mmoja.

Mapishi ya nje ya saladi hii hutumia selari na tofaa, kwa ajili ya kitu cha kukatika menoni na uchachu kidogo. Hutapungukiwa kitu ukitumia embe bichi, lile gumu la kijani. Nusu embe lililokatwa vipande vidogo linafanya kazi ya vyote viwili. Kwa maoni yangu linapita tofaa, kwa sababu tofaa linageuka rangi na kulegea, embe bichi linabaki gumu hadi kesho. Nanasi ni mtego. Mananasi ya Geita ni matamu na watu hupenda kuyatia, lakini nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachokula protini: kuku analainika hadi kuwa kama amesagwa na mtindi, ambao tutauchanganya na mayonesi, unakuwa mchungu. Ukilitaka, kata vipande, chemsha dakika 5, poza, kausha. Joto hukiua kimeng'enya hicho.

Mayai mawili ya kuchemsha yanaongeza uzito. Kwa mwinuko wetu yape dakika 11 hadi 12 tangu maji yachemke, kisha yatie kwenye maji ya baridi. Dakika 20 ndizo zinazoleta ule mzingo wa kijani kwenye kiini.

Mayonesi ya nyumbani. Hiki ni kitu kimoja tu: mafuta yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo mno, yakatawanywa ndani ya maji kidogo ya kiini, siki na limao. Kiini kina lesithini, ambayo upande mmoja hushika maji na upande mwingine hushika mafuta, kwa hiyo matone hayaungani tena. Yanapoingia mengi kabla ya yaliyotangulia kuvunjika, yanaungana na mchanganyiko unakatika. Brenda yako ya jagi huenda ilikufanyia hivi: kiini kimoja ni kidogo, kinalala chini ya visu au kinarushwa ukutani, mafuta yanafika na hayakuti wa kuyapokea. Kwenye jagi tumia yai zima, si kiini, kwa mililita 250 za mafuta, washa kasi ndogo, na umimine kwa tundu la kifuniko uzi mwembamba kuliko sindano ya kufumia hadi uone imeanza kuwa nyeupe na nzito. Baada ya hapo unaweza kuharakisha kidogo.

Lakini kwa pati, na kwa friji zetu za umeme unaokatika, sikushauri yai bichi kabisa. Tumia kiini kilichopashwa. Weka viini 2, vijiko 2 vya chakula vya maji, na kijiko 1 cha chakula cha siki kwenye bakuli la chuma. Liweke juu ya sufuria yenye maji yanayofuka tu, chini ya bakuli pasiguse maji. Koroga bila kuacha kwa waya wa kupigia mayai. Baada ya dakika chache kutakuwa na povu, kisha uzito wa kufunika mgongo wa kijiko. Kwa kipimajoto ni nyuzi 71 au zaidi kidogo. Papo hapo likalishe bakuli kwenye maji ya baridi na uendelee kukoroga. Ukichelewa, viini vinakuwa mayai ya kuvuruga, na hapo hakuna tiba, anza upya. Yakipoa tia kijiko 1 cha chai cha haradali na nusu kijiko cha chai cha chumvi, halafu mililita 250 za mafuta: ile robo ya kwanza tonetone, inayobaki uzi mwembamba, mkono ukikoroga muda wote. Utapata takribani gramu 300.

Mafuta yawe ya kusafishwa, yasiyo na harufu. Alizeti ya kukamuliwa mtaani, ile ya njano iliyoiva, ni nzuri kwa kukaangia mboga, ila kwenye mayonesi inatawala ladha yote. Huku kwetu kwenye pamba, mafuta ya pamba yaliyosafishwa kiwandani yanafaa sana. Yale ghafi yasiliwe. Mafuta na mayai viwe na joto moja la jikoni. Mafuta yaliyotoka juani dirishani hukatisha mayonesi haraka.

Ikikatika usiimwage. Chukua bakuli jingine safi, weka kijiko 1 cha chai cha haradali na kijiko 1 cha chakula cha maji ya vuguvugu, koroga, kisha rudisha ile iliyokatika kijiko kwa kijiko, kila kimoja kikishika ndipo uongeze kingine. Hivyo ndivyo ungeiokoa ile ya juzi. Haradali nayo inasaidia kushikisha, ndiyo maana nimeitaja kabla ya mafuta.

Ya chupa si dhambi. Imetengenezwa kwa mayai yaliyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu na ina siki ya kutosha. Ukiitumia, ongeza haradali na limao kuikata utamu, kwa sababu nyingi zina sukari.

Mayonesi tupu inachosha ulimi. Changanya sehemu 2 za mayonesi na sehemu 1 ya mtindi uliochujwa. Mtindi mnene uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, lita 1, mimina kwenye kitambaa safi juu ya chujio, uache frijini usiku kucha. Utoke ukiwa mzito wa kusimama kwenye kijiko. Mtindi usiochujwa ndio mshirika mwingine wa mafuriko yako: ukishakorogwa na kukutana na chumvi, unaachia yale maji ya kijanijani. Hata uliochujwa ukunje kwa mwiko, usiupige.

Kwa gramu 600 za kuku, basi, andaa gramu 150 za mayonesi, ambazo ni kama vijiko 10 vya chakula, gramu 75 za mtindi uliochujwa, kijiko 1 cha chai cha haradali, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, tango moja lililokamuliwa au nusu embe bichi, hoho moja, kitunguu kidogo, mayai 2 na konzi ndogo ya majani ya giligilani. Kuku na jeli yake kwanza, kisha mboga, kisha theluthi mbili tu za mchuzi, yaani ule mchanganyiko wa mayonesi na mtindi. Kunja taratibu kutoka chini kwenda juu. Funika, iingie frijini saa 1. Kuku atakunywa sehemu ya mchuzi. Ukitoa ndipo utajua kama theluthi iliyobaki inahitajika yote. Mayai yaingie mwisho ili kiini kisivunjike na kuufanya mchuzi uwe wa chenga. Onja chumvi ikiwa baridi, kwa kuwa baridi hupunguza ladha, na kilichokuwa sawa jikoni kitakuwa kimepooza mezani. Karanga za kukaanga au korosho zinyunyiziwe wakati wa kuandaa tu, zikilala ndani zinalegea.

Ukitaka binzari, usiimwage kavu kwenye mayonesi, itaacha ladha ya unga. Pasha kijiko 1 cha chakula cha mafuta, tia kijiko 1 cha chai cha binzari, hesabu nusu dakika, poza, ndipo uchanganye. Zabibu kavu za Dodoma zinakwenda nayo vizuri. Kuku baridi wa mayonesi na binzari ni mlo wenye historia: kwenye karamu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, London, mwaka 1953, wageni waliandaliwa kuku wa namna hiyo. Na kama kuna wageni wasiokula kuku, nenda Mwaloni Kirumba asubuhi ukachukue minofu ya sangara: dakika 8 hadi 10 kwenye maji yaleyale yasiyotokota, poza, bonyeza maji kwa kitambaa, vunja vipande vikubwa, punguza mchuzi kwa robo maana samaki hanywi kama kuku.

Sasa Jumamosi. Kipimo hicho kinatoa kilo 1 na gramu mia hivi. Kwa watu 40 wenye pilau na vingine sahanini, gramu 100 kwa kila mtu zinatosha, kwa hiyo zidisha kwa nne: kuku 4, mayonesi gramu 600, yaani mara mbili ya kipimo cha viini 2, na mtindi gramu 300, ambao lita 1 ya kuchuja kwa kawaida inautoa. Mayonesi tengeneza mara mbili tofauti. Kuku wagawe kwenye sufuria mbili, kwa sababu sufuria iliyojaa mno inapoa ghafla ukiongeza nyama, kisha unashawishika kuwasha moto mkubwa.

Alhamisi jioni kuku wachinjwe na mtindi utundikwe. Ijumaa pika, chambua, tandaza kwenye masinia mawili au matatu, siyo ndoo moja, kwa maana katikati ya ndoo panabaki vuguvugu usiku mzima hata ndani ya friji, na vijidudu vinapenda hapo. Mayonesi, mayai na mboga zilizokamuliwa navyo viwe tayari Ijumaa, kila kimoja chombo chake. Changanya Jumamosi, saa 3 kabla ya kula. Watu huogopa mayonesi, wakidhani ndiyo inayoharibika. Ile yenye siki inajilinda. Anayeharibika ni kuku, na akishachanganywa na mboga na mayai ule uchachu unapungua nguvu.

Umeme ukikatika usiku, usifungue friji kuangalia. Iliyofungwa hushika baridi kama saa 4. Ikipita hapo hamishia masinia kwenye kasha la barafu, lile la wauza samaki, ila liwe limesafishwa hadi harufu imeisha. Usafiri nao uwe kwa kasha hilohilo, barafu chini na juu, hata kama ukumbi ni Igoma tu. Kwa anayevuka kwenda Nansio, Ukerewe, apeleke kuku na mchuzi mbalimbali, achanganye akishashuka.

Ukumbini usiweke saladi yote mezani. Toa bakuli la kilo moja likiwa limekalia sinia la barafu, likiisha toa jingine, lisimiminwe juu ya mabaki ya la kwanza. Kilichokaa mezani saa 2 kiondolewe, na kama pati iko chini ya turubai kwenye joto linalopita nyuzi 32, ni saa 1. Ya mezani isirudi frijini. Ile ambayo haikutoka kwenye kasha la barafu inaweza kuliwa hadi Jumatatu.